Sanduku la Barua: Wiki ya Likizo Nyumbani na Vitabu Vipya

Baridi ya Juni na Julai ikishashika huku kwetu chini ya Meru na Kilimanjaro, barua za wasomaji hubadilika. Safari hii nyingi zimetoka kwa watu waliopata siku chache za mapumziko na wanaotaka kuzitumia nyumbani wakisoma, lakini kila mmoja anakutana na kikwazo chake. Nimechagua tano, na ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu inagusa nyumba nyingi.

Je, ni uvivu kukaa nyumbani wiki nzima nikisoma?

*Shikamoo mama. Mimi ni mhasibu katika ofisi moja hapa mjini Arusha. Katika likizo yangu ya mwaka zimebaki siku 7, na nimeruhusiwa kuzichukua mwezi wa Julai. Tangu Januari nimekuwa nikinunua riwaya mojamoja kila nikibakiwa na akiba kidogo, na sasa ninazo nne ambazo sijazifungua kabisa. Ninachotamani ni kuvaa sweta na soksi, kujikunja kwenye kochi na kusoma wiki nzima. Mume wangu hana neno. Tatizo ni mama mkwe aliyeko Machame, ambaye amepiga simu kusema kwamba kahawa zimeanza kuiva na angependa nikae naye siku zote hizo. Kazini nako mkuu wangu ameniambia nisizime simu. Nilipomweleza dada yangu kwamba nataka kusoma tu, aliniuliza kama ninaumwa. Je, huu ni uvivu? Na nikifanikiwa kubaki nyumbani, niipange vipi wiki hiyo isiishie kwenye kufua na kupiga pasi? — Mhasibu, Sakina, Arusha*

Marahaba mwanangu. Nianze na ofisi, kwa kuwa hilo lina jibu fupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa miezi 12, na inamkataza mwajiri kumtaka au hata kumruhusu mfanyakazi afanye kazi zake katika siku hizo. Kwa hiyo kabla hujaondoka, kabidhi kazi zako kwa maandishi, mtaje mwenzako atakayeshika nafasi yako, na umweleze mkuu wako kwa heshima kwamba utarudi hewani siku ya kuripoti. Sikukuu zinazoangukia ndani ya likizo huweza kuhesabiwa katika zile 28, hivyo muulize afisa utumishi mapema kama wiki unayoitaka ina Sabasaba ndani yake, ili ikibidi uisogeze mbele kidogo.

Sasa tuje kwenye neno uvivu, maana naona ndilo linalokuuma. Katika nyumba zetu mtu aliyeshika jembe, mwiko au pasi haitwi ovyo. Anayemhitaji husubiri amalize. Aliyeshika kitabu huitwa papo hapo, kwa sababu watu wanaomtazama wanaona mtu aliyekaa, na kwa macho yao aliyekaa hana kazi. Atatumwa dukani, ataulizwa chumvi iko wapi, atapewa mtoto ambebe. Jambo hili huwaangukia wanawake zaidi, na mimi linanisikitisha kila ninapolikuta, kwa sababu ninawajua kina mama wenye akili kali ambao tangu wamalize shule hawajasoma riwaya hata moja mpaka mwisho, na hakuna mtu aliyewahi kuwakataza kwa mdomo. Wamekatizwa tu, siku baada ya siku, mpaka wakaacha. Wewe umefanya kazi ya hesabu mwaka mzima, umelea, umehudumia ukoo wa mumeo, na sasa unaomba siku chache za kukaa na kitabu ulichokinunua kwa jasho lako. Huo si uvivu hata kidogo, na usikubali kujieleza kwa watu kana kwamba unaomba radhi.

Mama mkwe ni habari nyingine, kwa sababu yeye hakukosea kukuita. Msimu wa kuchuma kahawa ni mzito, mikono ni michache, na pengine zaidi ya kahawa anakutamani wewe mwenyewe. Usimdanganye kwamba unaumwa au kwamba ofisi imekuzuia. Uongo wa namna hiyo hufika Machame kabla yako. Nenda kwake mwanzoni kabisa, Jumamosi asubuhi, ukiwa na sukari na majani ya chai kama ilivyo desturi, uchume naye kahawa, ulale, na Jumapili baada ya ibada urudi Arusha. Huko umwambie ukweli: "Mama, wiki hii nimeomba nipumzike nyumbani, nisome vitabu vyangu, mwisho wa mwezi tutakuja na mwanao tukusaidie tena." Na hiyo ahadi muitimize. Ukienda mwanzoni, siku tano zinazobaki zitakuwa zako bila deni moyoni. Ukiliacha jambo hili mwishoni, kila ukurasa utakaousoma utakuwa na sura ya mama mkwe ndani yake.

Kuhusu mpango wa wiki yenyewe, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba upunguze vitabu. Chukua riwaya mojawapo, soma kwa nusu saa kwa mwendo wako wa kawaida, kisha hesabu kurasa ulizosoma. Tuseme ni 15. Ukisoma kwa jumla ya saa 4 kwa siku, ambazo ni nyingi kuliko zinavyoonekana, utapata kurasa 120, na kwa siku tano utapata 600. Riwaya nne za kurasa 250 kila moja ni kurasa 1,000. Ukizipanga zote mezani utaanza kukimbizana nazo, na ifikapo Jumatano utakuwa umerudi kwenye hesabu za ofisini, safari hii ukijidai deni wewe mwenyewe. Chagua mbili, zilizobaki zifungie kabatini zisikuangalie. Ya kwanza isome mpaka mwisho kabla ya kugusa ya pili, isipokuwa ikikuchosha. Hapo iweke chini bila majuto yoyote, kwa kuwa hakuna mtihani.

Pili, kipe kitabu asubuhi. Watu wengi huamka siku ya kwanza ya likizo wakisema "nimalizie kwanza hiki na kile, halafu nitakaa nisome", na hicho na kile huzaa vingine mpaka jua linazama, na kitabu hupewa dakika ishirini za mwisho ambazo macho yameshafumba. Wewe kunywa chai, na ikifika saa 3 asubuhi uwe umeshakaa. Nguo zifuliwe Ijumaa kabla likizo haijaanza, na zitakazochafuka katikati ya wiki zisubiri. Mtangazie kila aliyemo nyumbani, kwa upole, kwamba kuanzia saa 3 mpaka saa 7 mchana wewe haupo, ingawa wanakuona. Siku ya kwanza watasahau. Usinyanyuke, jibu tu kwamba utakuja saa 7. Siku ya tatu watakuwa wamezoea.

Chakula nacho kichague kwa akili. Hakuna chakula kinachomfaa msomaji kama makande. Mahindi yaliyokobolewa na maharage unayaloweka usiku, asubuhi unayabandika nje kwenye jiko la mkaa, na kuanzia hapo hayakudai kitu isipokuwa kuongezewa maji kila unapomaliza sura na kunyoosha miguu. Mchana unakaanga kitunguu na nyanya, unatia nazi au maziwa kama unapenda, na sufuria hiyohiyo inaliwa mchana na jioni, na kesho yake ikipashwa ni tamu zaidi. Chupa ya chai ya tangawizi iwe karibu, lakini kikombe kikae upande wa pili wa mkono unaoshika kitabu.

Simu iweke chumba kingine. Ninasema chumba kingine kwa sababu ikiwa kimya pembeni yako bado utaigeuza kila baada ya kurasa mbili kuona kama kuna mtu amekutafuta. Mwenye shida ya kweli ana namba ya mumeo.

Na mwisho, mwanangu, ukisinzia kitabu kikiwa kifuani, sinzia. Wiki hii ni ya mapumziko, na usingizi wa saa 8 mchana wakati manyunyu yanagonga bati ni sehemu ya haki yako. Ukiamka, rudi kurasa mbili nyuma, uendelee.

Jiko la mkaa chumbani

*Mama, hapa kwetu baridi imezidi. Nikianza kusoma jioni ninaingiza jiko la mkaa chumbani, ninafunga mlango na dirisha, na chumba kinakuwa na joto zuri. Lakini baada ya muda kichwa kinaniuma na ninasinzia nisijue nimesoma nini. Je, ni macho au ni kitabu kigumu? — Msomaji, Ngaramtoni*

Mwanangu, toa hilo jiko leo, usisubiri kumaliza kusoma jibu hili. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo ikiingia kwenye damu hukaa mahali pa oksijeni na kuunyima ubongo na moyo hewa vinayoihitaji. Dalili zake za mwanzo ndizo hizo ulizozitaja, kichwa kuuma na kusinzia, pamoja na kizunguzungu na kichefuchefu. Na ubaya wake ni kwamba usingizi huo unaweza usiamke. Usidanganyike na mkaa uliokwisha kushika vizuri ukawa mwekundu bila moshi, kwa maana gesi hiyo inaendelea kutoka hata kama moshi umekwisha. Siku yoyote mtu akikutwa amelegea katika chumba chenye jiko, afikishwe nje kwenye hewa safi mara moja na apelekwe hospitali, hata akisema amepata nafuu.

Joto la kusomea litafute kwingine. Shuka mbili za Kimasai, moja miguuni na moja mabegani, zinatosha jioni nyingi za Julai, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa taulo ukiiweka miguuni itakusaidia saa nzima. Mchana jua likichungulia, hama nalo: sogeza kiti dirishani au kibarazani, usome huko mpaka litakapojificha. Kitabu chako ninadhani hakina ugumu wowote.

Herufi zinacheza

*Salaam Mama Mshauri. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Moshi, nina miaka 47. Mwanangu ameniletea vitabu viwili vipya kutoka Dar es Salaam nikavisome wiki nitakayofunga kibanda. Nikivishika karibu, herufi zinacheza. Nikinyoosha mkono zinatulia, lakini mkono unachoka. Hata kutunga uzi kwenye sindano siku hizi ninamwita kijana. Watu wananiambia nisisome usiku, nitapofuka. — Fundi, Majengo*

Ndugu yangu fundi, hongera kwa mtoto anayekukumbuka kwa vitabu. Hali unayoieleza huwapata karibu watu wote kuanzia miaka ya arobaini. Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo ujanani ni laini na hubadili umbo lake haraka ili tuone cha karibu. Kadiri umri unavyosogea lenzi hiyo hukakamaa, na ndipo tunapoanza kusogeza kitabu mbali, mpaka mkono unaishia. Dawa yake ni miwani ya kusomea, na utashangaa kuona kwamba hata tundu la sindano limerudi mahali pake.

Ninakuomba usinunue tu ile inayotembezwa barabarani kabla hujapimwa. Hapo Moshi mna bahati ya kuwa na hospitali ya rufaa ya KCMC, ambayo ina idara ya macho. Ukienda huko watakupima nguvu ya miwani inayokufaa kwa kila jicho, maana mara nyingi macho mawili hayalingani, na watakuangalia pia presha ya macho, ambayo kwa mtu aliyevuka miaka 40 ni muhimu zaidi kuliko miwani yenyewe. Presha ya macho huweza kuua uoni kidogokidogo kuanzia pembeni bila maumivu, na sehemu iliyokufa hairudi. Kama ukungu wa macho unakuja na kuondoka, omba upimwe na sukari vilevile.

Kuhusu usiku, wanaokuambia utapofuka wanakutisha bure. Kusoma kwenye mwanga hafifu huyachosha macho, huyafanya yakauke na kichwa kiume, lakini hakuyaharibu. Weka taa nyuma ya bega ili mwanga uangukie ukurasa usikupige usoni; ukitumia mkono wa kuume, taa iwe bega la kushoto. Kila baada ya dakika 20 hivi nyanyua uso, utazame kitu cha mbali, upepese macho mara kadhaa. Ninyi mlioko Moshi, mkisoma nje asubuhi mapema kabla ya mawingu kupanda, cha kutazama mnacho.

Ukishapata miwani, anza na kitabu chenye herufi kubwa kati ya hivyo viwili, hata kama kingine ndicho kinachokuvutia. Macho yaliyokaa miaka mingi bila kusoma yanahitaji siku mbili tatu kuzoea mistari.

Nina fedha ya vitabu viwili tu

*Shikamoo mama. Ninafundisha shule ya msingi, ninaishi Pasua. Likizo ya Juni nitakuwa na wiki moja isiyo na masahihisho wala semina, na nimeweka akiba inayotosha vitabu viwili. Ninapenda riwaya za Kiswahili lakini sitaki kununua kitu kitakachonishinda. Pia naomba unieleze: kitabu nilichonunua mwaka jana kiliachia kurasa siku ya pili tu nilipokifungua. — Mwalimu, Pasua, Moshi*

Marahaba mwalimu. Kwa wiki ya mapumziko ninapenda mtu awe na kitabu kimoja kinachomvuta na kingine kinachomtuliza, na akiwa na viwili tu, cha kuvuta kiwe cha kwanza, kwa sababu ndicho kinachomtoa mtu kwenye fikra za kazi. Kama hujaisoma *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, inunue hiyo. Inaanza na Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa kwa mwanamume mzee, na inampeleka katika mapenzi na katika harakati dhidi ya utawala wa Waingereza kwa mwendo ambao haukupi nafasi ya kufunga kitabu. Umaarufu wake uliongezeka ilipotengenezwa filamu mwaka 2021, lakini mwenye wiki nzima mkononi aanze na kitabu, ndani yake mna lugha ya Unguja ambayo hakuna picha inayoweza kuibeba yote.

Cha pili ningekushauri *Peponi*, ambayo ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994, na Kiswahili chake kilitufikia mwaka 2022. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri mfanyabiashara kwa ajili ya deni la baba yake, na tunasafiri naye na msafara kuelekea bara, siku ambazo Wajerumani wamekwisha kuingia. Hiki kisome taratibu, sura moja kisha upumzike. Ninaona raha ya pekee kusoma kwa lugha yetu habari ya nchi yetu iliyozunguka kwanza kwa lugha ya wengine.

Jihadhari na jambo moja: wembamba wa kitabu usikudanganye. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni nyembamba sana, na mtu anaweza kuichukua akidhani ni ya siku moja. Ni kazi kubwa ya fikra na inastahili sifa zake zote, lakini inamtaka msomaji asiyechoka. Iweke kwa wakati mwingine.

Na kabla hujatoa fedha, pita maktaba ya mkoa hapo Moshi. Maktaba za mikoa zipo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na mwanachama huruhusiwa kuazima kitabu akaenda nacho nyumbani. Ukikikuta humo kimojawapo kati ya hivi viwili, fedha yako itanunua kingine. Nenda wiki moja kabla ya likizo, kwa kuwa uandikishaji una taratibu zake. Njia nyingine ni kukubaliana na walimu wenzako wawili, kila mmoja anunue tofauti, kisha mbadilishane mwisho wa wiki.

Kuhusu kurasa kuachia: vitabu vingi vya bei ya kawaida hushikiliwa kwa gundi tu mgongoni, na gundi ikiwa kavu na kitabu kikakunjuliwa kwa nguvu katikati, inakatika. Dukani kitazame mgongo wake kwa juu. Ukiona karatasi zimekunjwa vifungu vifungu na kushonwa kwa uzi, hicho kitadumu. Kikiwa cha gundi, ukifika nyumbani kisimamishe mezani kwa mgongo wake, laza jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu chukua kurasa chache kutoka mbele uzilaze na kuzipapasa kwa kidole karibu na mgongo, kisha chache kutoka nyuma, uende hivyo kwa zamu mpaka ukutane katikati. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na kitabu hakitakuangusha. Ukikilaza kitandani kifudifudi kikiwa wazi ili usipoteze ukurasa unaharibu yote uliyofanya. Tumia kipande cha karatasi. Jalada livishe karatasi ya kaki kama mnavyowafundisha wanafunzi.

Watoto nao wapo nyumbani

*Mama, heshima yako. Nimechukua wiki moja ya likizo wakati shule zimefungwa. Nimejinunulia vitabu viwili, na watoto wangu, wa miaka 12 na 8, nimewanunulia kimoja kimoja. Ninataka wasome badala ya kukaa kwenye televisheni, lakini mkubwa amekwisha kununa. Niwalazimishe? Mama yangu mzazi, ambaye hakusoma, naye tunakaa naye. — Baba, Usa River*

Baba, usiwalazimishe. Mtoto aliyemaliza muhula na kufanya mitihani akipewa kitabu kwa amri, atakihesabu pamoja na kazi za nyumbani, na ataona ni adhabu ya likizo. Kinachofanya kazi ni wao kukuona wewe unasoma, mchana kweupe, bila mtu kukulazimisha, na unacheka peke yako kitabuni. Watakuja kuuliza unacheka nini. Hapo msomee aya hiyo, kisha uendelee na kusoma kwako.

Usiku, baada ya chakula, soma kwa sauti sura moja ya kitabu cha yule mdogo, nyote mkiwa sebuleni, na bibi yao akiwa kwenye kiti chake. Mama yako hakusoma, lakini ninaamini masikio yake ni ya mtu aliyekulia kwenye hadithi, na ataikosoa hadithi hiyo vizuri kuliko mwalimu yeyote. Mruhusu aikatize. Akisema "hapo mwandishi hakusema kweli, fisi hafanyi hivyo", acheni kitabu mumsikilize, na akitaka kuanza ya kwake kwa "Paukwa!", itikieni. Ukifika mahali ambapo kila mmoja anataka kujua kitakachofuata, funga kitabu. Usimuulize mtoto yeyote funzo la hadithi ni nini. Wanaulizwa hivyo shuleni mwaka mzima.

Kwa kuwa mkubwa amenuna, ninashuku kitabu alichopewa hakukichagua. Mpeleke Arusha mjini siku moja ya wiki hiyo, umwache azunguke dukani peke yake kwa muda anaotaka, na akichagua kitabu cha mpira wa miguu au cha vichekesho, lipa bila kukunja uso. Kile cha kwanza kirudishe kabatini bila maneno. Kama ni kizuri, mdogo wake atakifikia.